Habari za Nakamura Hajime, Mwanachuoni wa Japani Aliyeandika Kamusi Moja Mara Mbili

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Ndugu wasomaji, muhula uliopita nilipotewa na daftari. Lau lingekuwa daftari la masomo nisingelalamika sana, kwani ningeazima la mwenzangu nikanakili. Hili lilikuwa daftari nene ambamo tangu nilipokuwa Kidato cha Pili nilikuwa nikiandika majina ya Kiswahili ya vitu tunavyofundishwa katika Biolojia. Ninyi mwajua kuwa somo hilo twafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mtu hulijua jina la kitu kama lilivyo kitabuni, asijue kuwa nyumbani kwao kitu kile kile kina jina lake, na bibi yake analijua. Humo mlikuwa na kongosho, na wengu ambalo wengine huliita bandama, na chavua, na matamvua ya samaki, na mengi mengine niliyopewa na mjomba wangu ambaye ni mvuvi, na mchinjaji mmoja wa sokoni aliyenionyesha kila kitu kilichomo tumboni mwa mbuzi bila kudai hata senti. Maneno yalikuwa yamefika mia sita na kitu. Siku ya usafi mkuu wa bweni daftari hilo lilichanganywa na makaratasi ya kutupwa, likatiwa moto. Sikujua nimgombeze nani. Niliapa tu kwamba kazi hiyo sitaigusa tena.

Mwalimu wetu wa Historia alipopata habari hakunipa pole nyingi kama nilivyotazamia. Alinitazama kidogo, akasema, "Nenda kasome habari za Mzee Nakamura wa Japani, kisha uje uniambie." Hayo niliyoyasoma ndiyo nayaleta hapa.

Kwanza jina lake. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, ndipo lije jina la mtu mwenyewe. Basi Nakamura ni ukoo na Hajime ndilo jina alilopewa. Alizaliwa tarehe 28 Novemba 1912 katika mji wa Matsue, magharibi mwa kisiwa kikuu cha Japani, kwenye pwani inayoelekea Korea. Alipokuwa bado mtoto mchanga wazazi wake walihamia Tokyo, na huko ndiko alikokulia. Yasimuliwa kuwa alipoanza shule ya kati alishikwa na maradhi ya figo, akakaa nyumbani karibu mwaka mzima, wenzake wakiendelea na masomo. Mtoto asiyeweza kucheza hana budi kutafuta shughuli nyingine, naye alisoma vitabu vya falsafa na vya dini. Aliporudi shuleni alikuwa amekwisha jua anachokitaka.

Mwaka 1936 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, idara ya falsafa ya Kihindi na lugha ya Kisanskriti. Mwalimu wake mkuu alikuwa Ui Hakuju (1882–1963), kasisi wa madhehebu ya Zen ambaye alikuwa pia mwanachuoni mkali sana wa maandishi ya kale. Ui naye hakuanza kazi hiyo peke yake. Kabla yake Nanjo Bunyu alikuwa amesafiri mpaka Uingereza mwaka 1876, akajifunza Kisanskriti huko Oxford kwa Max Müller, na mwaka 1883 akatoa orodha ya vitabu 1,662 vya dini ya Ubuddha vilivyohifadhiwa kwa Kichina. Baadaye Takakusu Junjiro, aliyesoma pia Oxford, aliongoza pamoja na mwenzake Watanabe Kaigyoku kazi ya kuchapa maandishi hayo yote upya, kuanzia mwaka 1924 hadi 1934. Kazi ilipokwisha zilikuwa juzuu 100. Nawaomba wenzangu mnaonung'unika juu ya vitabu vinne vya Historia mfikiri kidogo juu ya idadi hiyo.

Hapa yafaa nieleze kwa nini kasisi wa Japani amhitaji mwalimu wa Oxford ili apate kuielewa dini ya baba zake, maana jambo hili lilinitatiza mimi mwenyewe kwa siku kadhaa. Buddha alikuwa mtu wa kaskazini ya Bara Hindi. Mafundisho yake yalihifadhiwa kwa lugha za huko, hasa Kipali na Kisanskriti. Kuanzia mnamo karne ya 2 yakaanza kufasiriwa kwa Kichina, na katika karne ya 6 yakafika Japani kwa njia ya Korea, yakiwa tayari katika herufi za Kichina. Wajapani hawakuyafasiri kwa lugha yao. Waliyapokea kama yalivyo, wakawa wanaisoma herufi ya Kichina kwa matamshi ya Kijapani. Basi kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja waumini wa Japani wamesimama katika mazishi ya wazee wao wakisikiliza kisomo kirefu, na wengi wao hawaambulii hata neno moja.

Nao wafasiri wa Kichina walikuwa na njia mbili. Mara nyingine walifasiri maana. Mara nyingine, walipoona kuwa neno ni zito kupita kiasi, waliiga sauti yake tu. Neno la Kisanskriti dhyana, yaani kuituliza nia na kutafakari, waliliandika kwa sauti, likawa chan, na lilipofika Japani likawa zen. Nirvana likawa nehan. Prajna, yaani hekima, likawa hannya. Mtu aonaye herufi hizo na kutaka kujua maana yake kwa kuzitazama atapotea, kwa sababu hazina maana, zina sauti tu. Na sauti yenyewe ni ya Kichina cha kale iliyoigwa na ulimi wa Kijapani. Kuna maneno yaliyosafiri mbali zaidi. Dana ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kutoa sadaka. Huko Japani likawa danna, kwanza likimaanisha yule atoaye sadaka kwa ajili ya hekalu, kisha mfadhili yeyote, kisha bwana mwenye nyumba, na siku hizi mwanamke wa Kijapani hulitumia akimtaja mume wake. Gaman katika vitabu vya dini ni kujivuna, mtu kuishikilia nafsi yake. Katika mazungumzo ya Wajapani wa leo ni uvumilivu! Neno limegeuka likasimama upande wa pili wa mto. Sisi wenyewe tunayo maneno mengi yaliyotujia kwa bahari pamoja na dini na biashara, na hatuyaulizi yametoka wapi. Lakini mwanachuoni hana budi kuyauliza.

Nadhani sasa msomaji aona kwa nini ilihitajika kamusi. Lakini kwanza niseme habari za kitabu chake cha mwanzo, kwa sababu kina ajabu yake.

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Nakamura alipata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 30, na mwaka huo huo akafanywa profesa msaidizi. Kazi aliyoiandikia shahada ilihusu historia ya mwanzo ya Vedanta, ambayo ni falsafa kubwa ya Wahindu. Si ya Ubuddha. Wanachuoni wote walijua kuwa mkubwa wa falsafa hiyo alikuwa Shankara, aliyeishi mnamo karne ya 8. Lakini kabla ya Shankara, karne nyingi zilikuwa kama chumba chenye giza, kwa sababu vitabu vya wakati huo vilipotea. Nakamura alifikiri hivi: ikiwa watu wa Vedanta waliandika, basi maadui zao waliwajibu, na ajibuye hana budi kutaja asemalo mwenzake. Akaingia katika vitabu vya Wabuddha na vya Wajaini waliobishana na watu wa Vedanta, vingine vikiwa vimebaki kwa Kitibeti tu na vingine kwa Kichina, akaokota sentensi moja hapa na nyingine pale, akazipanga, na mafundisho yaliyopotea yakaanza kuonekana tena. Yaani aliwapata marafiki kwa kuwauliza maadui zao. Yasimuliwa kuwa maandishi hayo yalikuwa mengi hata yakapelekwa chuoni kwa mkokoteni, na kwamba Mwalimu Ui alihitaji miezi mitatu kuyasoma. Yalichapwa kwa juzuu 4 kati ya 1950 na 1956, na mwaka 1957 yakapewa tuzo ya Kifalme ya Akademia ya Japani.

Kitabu kilichomfanya ajulikane katika nchi nyingine ni kile kihusucho namna za kufikiri za watu wa Mashariki, kilichotoka mwaka 1948 na 1949, na kufasiriwa kwa Kiingereza huko Hawaii mwaka 1964. Mtu asisahau kilitoka wakati gani. Japani ilikuwa imeshindwa vitani mwaka 1945, miji mingi imeteketea, na watu walikuwa wakiulizana imekuwaje taifa zima likafuata amri mpaka shimoni. Wakati wa vita wakubwa walikuwa wakihubiri juu ya "roho ya Mashariki" kana kwamba Mashariki yote ina roho moja nayo ni mali ya Japani. Nakamura akachukua dini moja, Ubuddha, ambayo Wahindi, Wachina, Watibeti na Wajapani wote waliipokea, akatazama kila taifa limeibadili vipi. Alianza na lugha. Aliona kuwa Wahindi wa kale hupenda kusema kwa kukanusha: jambo ambalo sisi tungeliita bidii wao huliita kutozembea, na fadhila yao kuu huitwa kutodhuru, ndiyo ahimsa. Wachina walipenda kitu kinachoonekana kwa macho, hata wazo la ukamilifu walilitaja kwa neno la mviringo. Wajapani walitilia nguvu uhusiano wa mtu na jamaa zake na wakubwa wake, na hapo Nakamura hakuwasifu tu wananchi wenzake. Alionyesha kuwa tabia hiyo ikizidi humfanya mtu aache kupima haki na batili kwa akili yake mwenyewe. Mwisho akasema kuwa hakuna alama moja ambayo watu wote wa Mashariki wanayo na wengine hawana.

Jambo hilo la mwisho nalikubali kwa moyo wote. Lakini kitabu chenyewe kwa jumla kinanitia shaka kidogo, na naomba nisamehewe, mimi kijana, kumkosoa mtu wa namna hii. Ikiwa yeye mwenyewe aliona kuwa hakuna "mtu wa Mashariki", je, yuko "Mhindi" mmoja au "Mjapani" mmoja? Katika bweni letu tumo vijana arobaini, na si rahisi kusema namna moja tunayofikiri, hata kuhusu maharage. Wako wanachuoni waliomkosoa hivyo pia. Hata hivyo ni heri mtu anayekosea baada ya kusoma lugha nne kuliko asemaye kweli kwa kubahatisha.

Nimependa zaidi namna alivyotafuta tarehe za Buddha, kwa maana hapo mtu aweza kumfuata hatua kwa hatua kama katika Hesabu. Hakuna mtu wa zama zile aliyeandika mwaka aliozaliwa Buddha wala aliokufa. Ila yuko mfalme Ashoka, aliyeandikisha amri zake juu ya majabali, na katika moja ya amri hizo aliwataja wafalme watano wa Kiyunani waliokuwa hai wakati wake. Miaka ya wafalme hao yajulikana. Kwa hiyo yajulikana pia kuwa Ashoka alishika ufalme mnamo mwaka 268 K.K. Sasa mapokeo ya kusini, yaani ya Sri Lanka, husema kwamba tangu Buddha kufa hadi Ashoka kutawazwa ilipita miaka 218. Mapokeo ya kaskazini, yaliyohifadhiwa kwa Kichina, husema miaka 116. Mwalimu Ui aliyafuata ya kaskazini akapata kuwa Buddha alikufa mwaka 386 K.K. Nakamura akaipima upya miaka ya wale Wayunani, akamsahihisha mwalimu wake kwa miaka mitatu: Buddha alizaliwa mwaka 463 akafa mwaka 383 K.K. Si wote wanaokubali hesabu hiyo, kwa maana wanaofuata kusini hurudi nyuma karibu miaka mia moja. Lakini nimeijaribu mwenyewe kwa kalamu, na mwanafunzi yeyote aweza kuijaribu. Kumsahihisha mwalimu kwa miaka mitatu, tena kwa heshima, bila kelele, nimeliona jambo zuri.

Sasa tuje kwenye kamusi.

Vita vilipokwisha Nakamura alianza kukusanya maneno ya Ubuddha yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina ili kila neno alipe maana yake kwa Kijapani chepesi, pamoja na neno la Kisanskriti au la Kipali lililo asili yake, na mahali lilipotumika. Makamusi yalikuwapo, lakini yalieleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi, hata msomaji wa kawaida akitoka humo alikuwa amechoka tu. Miaka 20 alifanya kazi hiyo pamoja na kufundisha, na pamoja na safari zake za kufundisha nje, kama ile ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani mwaka 1951. Kwa kiasi kikubwa aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mswada ulipokaribia kumalizika ulikuwa mikononi mwa wachapaji. Hapo, mnamo mwaka 1967, ukapotea. Wachapaji walitafuta kila mahali, wala haukuonekana, na haujaonekana mpaka leo.

Wasomaji, naomba msiupite upesi mstari huo. Siku zile mtu hakuwa na mashine ya kuhifadhi nakala mezani pake. Karatasi ikipotea, na kilichoandikwa juu yake kimepotea. Nakamura alikuwa na umri wa miaka 54 hivi. Mimi nilipotewa na kazi ya miaka miwili nikaapa. Yeye ya miaka ishirini.

Yasimuliwa kuwa hakumgombeza mtu. Alisema kuwa kukasirika hakutaurudisha mswada. Kuhusu yaliyofuata kuna masimulizi mawili. Wengine husema alianza kuandika upya siku ya pili yake. Wengine husema alikaa kama mwezi mzima ameduwaa, hafanyi lolote, mpaka mkewe alipomwambia kuwa kukaa vile hakufai na kwamba aanze tena. Mimi naliamini zaidi simulizi la pili, na hata kama si sahihi ndilo ninalolipenda. Mtu anayeanza siku ya pili yake siwezi kumwiga. Mtu anayeduwaa mwezi mzima, halafu akaamshwa na mtu wa nyumbani mwake, huyo namfahamu.

Akaanza tena kutoka neno la kwanza. Safari hii ilimchukua miaka 8. Wapo waliomsaidia kusahihisha chapa na kutengeneza faharasa, lakini maelezo ni yake. Mwaka 1975 kamusi ikatoka kwa wachapaji wengine, juzuu 3, ya tatu ikiwa faharasa, na ndani yake maneno yapatayo 45,000. Mwaka ule ule ikapata tuzo ya vitabu ya gazeti la Mainichi.

Nilikaa nikifanya hesabu. Maneno 45,000 katika miaka 8 ni zaidi ya maneno 15 kila siku, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa, na kila neno lina asili yake ya kutafutwa katika lugha tatu au nne. Siku yangu nzuri kabisa nilipata maneno 9, na siku hiyo nilikuwa sokoni kwa yule mchinjaji. Nilimwuliza Mwalimu imewezekanaje kazi ya pili iende upesi kuliko ya kwanza. Alisema kwamba karatasi ndizo zilizopotea. Yale aliyojifunza kwa miaka ishirini yalikuwa bado kichwani. Sijui kama ndivyo. Mimi nilipojaribu kukumbuka maneno yangu mia sita, usiku baada ya saa za kujisomea, nilipata mia moja na arobaini tu. Labda kichwa cha miaka 54 kinashika zaidi kuliko cha miaka 17, ingawa walimu hutuambia kinyume chake.

Hiyo nia yake ya kutumia lugha nyepesi haikuwapendeza watu wote. Mwaka 1958 alikuwa ametoa tafsiri ya Suttanipata, mkusanyo wa mashairi ya Kipali ulio miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Ubuddha, katika kitabu kidogo ambacho mtu aweza kukitia mfukoni. Humo alimfanya Buddha aseme kama mtu anavyosema na jirani yake. Neno nirvana, ambalo watu wa Japani walizoea kulisikia kama nehan katika sauti ya mazishi, yeye mara nyingi aliliita yasuragi, yaani utulivu, neno ambalo mama aweza kulitumia akizungumza juu ya mtoto aliyelala. Walikuwapo walioona kuwa heshima ya dini imepunguzwa. Yeye alishikilia kuwa Buddha mwenyewe alisema na watu kwa lugha waliyoielewa, na kwamba isiyoeleweka na wasikilizaji imekoma kuwa mafundisho. Nilipofika hapo nilikumbuka jinsi nilivyokariri hatua za usanisinuru mwaka jana, nikapata alama themanini na mbili, na mdogo wangu aliponiuliza wakati wa likizo kwa nini jani ni kijani nikawa bubu.

Mwaka 1973 alifikia umri wa kustaafu katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Huko Japani profesa mkubwa hana shida ya kupata kiti katika chuo kingine. Nakamura aliamua kufungua shule yake ndogo, iitwayo Toho Gakuin, katika mtaa wa Kanda mjini Tokyo, chini ya taasisi aliyoianzisha mwaka 1970. Alitaka iwe kama zile shule za hekaluni za zamani ambapo mwalimu na wanafunzi wachache hukaa pamoja. Hakuuliza mtu ana cheti gani, wala umri gani, wala taifa gani. Mfanyakazi aliyetoka ofisini jioni, mzee aliyestaafu, mwanachuo kijana, wote walikaa pamoja wakisoma Kisanskriti au falsafa. Mimi ambaye mwaka huu natazamia mtihani wa Taifa, na ambaye kila siku naambiwa kuwa mlango wa elimu unafungwa kwa alama fulani, nimeisoma habari ya shule hiyo mara tatu. Mwaka 1977 alipewa Nishani ya Utamaduni, heshima kubwa kabisa wanayopewa wanachuoni nchini kwake, naye akaendelea kufundisha katika shule ile ile ndogo.

Siwezi kueleza falsafa yote aliyoifundisha, maana nyingine hata sikuielewa, lakini jambo moja alilolirudia sana ni jihi. Ni maneno mawili yaliyounganishwa: la kwanza ni kumtakia mwenzako heri, la pili ni kuumia pamoja naye. Aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1956. Alifundisha kuwa hakuna kitu kinachosimama peke yake. Kila kitu kimetokea kwa sababu ya vitu vingine, na mtu vivyo hivyo, kwa hiyo anayejidai kuwa hadaiwi chochote na wenzake hajajichunguza. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule aliyelitia moto daftari langu, yeyote yule. Bila shaka aliambiwa afagie, akafagia.

Maandishi yake yaliyokusanywa yalitolewa katika juzuu 40, kuanzia 1988 hadi 1999. Alifariki dunia tarehe 10 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 86. Tarehe na mwezi kama huo, mwaka 2012, nyumba ya kumbukumbu yake ilifunguliwa huko Matsue alikozaliwa, yenye vitabu alivyokuwa akivisoma. Shule ya Kanda nayo haikufa pamoja naye.

Na kamusi je? Baada ya mwaka 1975 mtu angedhani kuwa mzee huyo hataki tena hata kuiona. Kumbe aliendelea kuisahihisha na kuiongeza hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2001, miaka miwili baada ya kuzikwa kwake, ilitoka upya kwa juzuu 4, maneno yake sasa yakizidi yale ya kwanza kwa 8,000 hivi.

Mwalimu aliponiuliza nimepata nini katika kusoma kwangu, sikumjibu mengi. Nilimwonyesha daftari jipya, lenye jalada gumu, nililolinunua kwa fedha za nauli ya kwenda mjini. Hivi sasa lina maneno mia tatu na kumi na moja, na nakala yake ya pili inakaa kabatini mwa Mwalimu. Mapezi na magamba nimekwisha yaandika, msiniletee hayo. Lakini lile jina ambalo mjomba alinipa la kifuko cha hewa kilichomo ndani ya samaki nimelisahau kabisa, na mjomba yuko baharini hadi mwisho wa mwezi. Mwenzangu yeyote wa pwani anayelijua, nalala Bweni la Tatu, kitanda cha karibu na dirisha.